Kamera Isiyozimwa

Kamera ilikuwa inawaka, na mbele yake tangu asubuhi alikaa Emil Novotny, kafunga tai, anangoja habari kubwa izuke.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Siku Rais wa Marekani alipopigwa risasi, mwaka 1963, kamera za kituo chao cha New York zilikuwa baridi, na kamera baridi ilichukua muda mrefu kupata moto. Nchi nzima ikasikiliza sauti tupu huku ikikodolea macho nembo ya kituo. Bwana Hargrave, mkuu wa habari, akaapa: kamera moja isizimwe tena, na kiti cha mtangazaji mbele yake kisikae kitupu.

Tangu hapo miaka miwili ilikuwa imepita, na kila habari kubwa ilizuka kwenye zamu ya mwingine.

"Bwana harusi!" alimtania Dot, mpambaji wa watangazaji, akimpangusa jasho shingoni. "Bibi harusi wako, hiyo habari kubwa, bado tu?"

"Anajipamba."

"Basi ajipambe upesi. Kesho Hargrave anamkalisha mwingine hapo. Wewe unarudi redioni kutusomea bei ya nguruwe."

Emil alijua. Asiyejua ni mama yake, kule Queens, mjini humohumo, ambaye kila jioni aliwaalika majirani waje kumwona mwanawe kwenye televisheni. Simu iliyokuwa kando ya kiti ikalia.

"Emil, mwanangu, leo utatokea?"

"Mama, nikitokea mimi, ujue kuna watu wamekufa."

"Toa uchuro wako! Muombe Mungu akupe habari kubwa isiyoua mtu. Kwani Yeye anashindwa na nini? Halafu waambie mafundi wenu picha inasinyaa. Imekuwa kama soksi iliyofuliwa kwa maji ya moto."

Emil alicheka, akaweka simu chini. Kisha, kwa aibu, akafumba macho na kuomba vilevile alivyofundishwa: habari kubwa, ya watu wengi, na asife mtu.

Hajamaliza, simu za chumba cha habari zikalia zote kwa mpigo. Taa za studio zilififia, zikarudi. Hargrave akaingia mbio, shati limemchomoka kwenye suruali.

"Emil! Kubwa! Mamilioni ya watu, mji baada ya mji!"

"Wamekufa wangapi?"

"Hakuna hata mmoja! Soma, ndugu yangu, soma!" Akamtupia karatasi.

Dot alimpaka poda puani. "Haya, bwana harusi. Kaja."

Emil akamfikiria mama yake, majirani wamebanana kwenye kochi. Kamera ilikuwa ya moto. Haikusubiriwa hata kidogo. Taa yake nyekundu ikawaka.

"Habari iliyotufikia hivi punde," alisema, na sauti haikumtetemeka. "Umeme umekatika nchini Kanada, umekatika Rochester, Albany na Boston, na giza sasa linaelekea—"

Kamera ikazimika.