Fuvu Lisilo na Taya

Ottmar, mthamini wa soko, aliikunjua ngozi ya ndani ya kofia nyeusi, ile inayogusa paji la uso, akainusa. Jasho la kale. Chini ya ngozi jina la mwenyewe liliandikwa kwa wino. Akaimulika kwa taa ya zambarau, na hakuna uzi uliong'aa kama nyuzi za kisasa; haikuwa ya kughushi.

Wateja wengine wa soko la vitu vya vita walianza kunyoosha shingo.

Kisha akabandua kikaratasi kilichofunika nembo ya fuvu, maana sheria inakataza kuionyesha hadharani.

"Halina taya!" akapaza sauti. "Mama, hongera! Mafuvu yenye taya yalikuja baadaye. Hii ni ya SS wa mwanzo kabisa, askari wa chama cha Hitler waliojiunga kwa hiari yao, bila mtu kulazimishwa."

Mwanamke aliyeileta alikuwa bado ameshika mfuko wa mkate alioibebea.

"Babu alichukuliwa jeshini kwa nguvu," akasema polepole. "Vita vikiwa vinaisha. Mama alituambia hivyo kila Krismasi."

"Huenda aliiokota tu mahali."

"Ina jina lake ndani. Si umelisoma mwenyewe?"

Ottmar alikibandika tena kile kikaratasi. Hakikushika. Akakikandamiza kwa kidole gumba, kikaanguka mezani.

Mzee mmoja akamgusa bega kwa nyuma. "Ottmar, muulize basi. Anauza?"

Uso wa Ottmar ukawaka moto kwa aibu. Swali hilohilo lilikuwa ulimini mwake tangu kofia ilipotoka mfukoni.