Pumzi ya Ekidor

Haya alinisimulia Apua mwenyewe, mvua zilipoanza mwaka jana, tukichambua majani ya kunde.

Kwao ilikuwa lazima kila kitanda kiwe na bomba. Lilivuta pumzi za waliolala, likazipeleka chini ya kisima cha mafuta kuyasukuma yapande. Mama yake, Akiru, alilipenda, kwa kuwa pumzi ya mwisho ya mumewe, Ekidor, ilipitia humo. Kila alipolala aliligeukia, ili yake imfuate.

Jioni moja Apua alirudi nyumbani kutoka kazini kisimani, mikono myeusi.

"Mama, mabomba yanafungwa leo. Hewa tuliyoshindilia imezidi. Lami imejitenga na mafuta kama maziwa yaliyotiwa ndimu, imeziba kisima."

"Kwani pumzi yangu ndiyo ndimu?"

"Yetu sote, mama."

"Na baba yako atatokaje?"

"Hatoki. Lami imemfungia."

"Basi mngeniacha nimfikie kwanza."

Bomba likanyamaza.

Akiru akalala mdomo kwenye tundu, akipuliza polepole kama anayempozea mtu uji. Pumzi ikamrudia usoni, vuguvugu.

"Umechelewa kujibu, mzee," akanong'ona, usingizi ukamchukua.

Apua akaligeukia bomba lake, akapuliza kidogo, akangoja mpaka naye akalala.