Fremu ya Viongozi Sita

Asubuhi moja ya kipupwe, Semboja, fundi cherehani, aliishusha fremu ya kiongozi wa nchi. Serikali ilikuwa imebadilika, na mgambo walipita duka kwa duka kuhakikisha picha mpya imetundikwa. Kila ilipobadilika, Semboja aliichomeka picha mpya mbele ya zile za zamani. Hakutupa hata moja. Sasa zilifika sita, na ubao wa nyuma ukagoma kufunga.

“Si utoe moja, Baba Nuru,” alisema mkewe, akiota moto kwenye jiko la mkaa.

Alizitoa zote. Nyuma kabisa alimkuta mkewe pichani, siku ya harusi, hina mikononi. Kumbe fremu ilinunuliwa kwa ajili yake.

Semboja akamrudisha peke yake, akakifuta kioo kwa kiwiko, akaitundika fremu.

Mgambo aliingia akipuliza viganja kwa baridi, akainua macho ukutani.