Mashine Iliyotunzwa Vizuri

Injinia aliweka kiganja juu ya mashine, akafumba macho kama mama anayepima homa ya mtoto.

“Baridi,” akasema. “Vizuri. Hukuiwasha kabla hatujafika.”

Muuzaji, bwana mpole mwenye taulo begani, alimtazama asielewe. “Niiwashe ya nini?”

“Wapo wanaofanya hivyo. Mashine ya boti ikiwa na ugonjwa huwa ngumu kuwaka asubuhi, kwa hiyo mwenyewe anaipasha moto mapema ili mnunuzi asijue.”

Hila za wauzaji alizijua vizuri, maana mwenyewe amewahi kuzitumia. Mashine yake ya zamani, ile ya kijivu, ilikuwa ikichemka kila ifikapo katikati ya mto. Mwaka jana akaziba ufa wake kwa kipande cha bati na gundi, akapaka rangi juu, akambambikia mgeni mmoja aliyeondoka akimshukuru.

“Yule bwana sijui yuko wapi leo,” mkewe, aliyesimama kando yake, alimnong’oneza, maana naye alimkumbuka mgeni yule.

“Wajinga ndio waliwao.”

Mkewe hakucheka. Alikuwa fundi wa kushona, na asubuhi ile cherehani yake ilikuwa imebebwa na mtu mwingine kutoka kibarazani ili wao waweze kuja hapa. Tangu mumewe auze ile ya kijivu na kuanza kuvusha watu kwa makasia, abiria wote walikuwa wamehamia kwa jirani mwenye mashine, na nyumba nzima ilikuwa inakula kwa sindano yake. Alikubali kuiuza kwa sharti moja tu. “Safari ya kwanza nitapanda mimi,” alimwambia mumewe. “Nataka nione cherehani yangu ikikimbia.”

Mashine hii ilikuwa nyekundu, inang’aa, imebandikwa namba kubwa ubavuni. Waliuzamisha mguu wake kwenye pipa la maji. Injinia akavuta kamba. Ikawaka hapo hapo.

Jina la Injinia alipewa na watu wa kivukoni, nusu kwa heshima, nusu kwa kejeli, na yeye alipokea ile nusu ya kwanza tu. Sasa aliinamisha sikio na uso ukamlainika.

“Unaisikia sauti hiyo, mama? Kama vile naifahamu siku nyingi.” Akaipapasa. “Mashine haisemi uongo. Aliyekuwa nayo kabla alikuwa fundi hasa, tena mwaminifu.”

“Imepita mikono miwili mitatu,” alisema muuzaji. “Mwenyewe wa kwanza simjui.”

“Ukimpata, nisalimie sana.”

“Si tungeiacha iungurume kidogo zaidi?” mkewe aliuliza. “Tuone ikipata moto inakuwaje.”

“Mambo ya mashine niachie mimi.”

Akaizima. Wakalipa.

Wiki ile Injinia aliihudumia mashine kuliko alivyojihudumia mwenyewe. Aliisuuza kwa maji safi, akaibadilishia plagi, akaipaka grisi, akachanganya petroli na oili kwa kikombe cha chai ambacho tangu siku hiyo hakikurudi jikoni. Watu walikusanyika uani kumsikiliza akieleza. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Mkewe alikuwa mekoni, amefunika maharage kwa sahani iliyokuwa ikigongagonga kwa mvuke. Sufuria yake ilikuwa ile ya maua ya buluu aliyopewa na shangazi yake siku ya harusi. Mfuniko wake mumewe aliuazima kwa dakika tano, na dakika hizo hazijaisha mpaka leo. Kila akiuulizia, Injinia hupandisha mabega. “Watu tunatafuta maisha, wewe unatafuta mfuniko!”

Siku ya safari ya kwanza boti ilijaa. Hata wateja wa jirani walihama, wengine kwa kupenda mwendo, wengine kwa kupenda umbea. Mkewe alikaa nyuma kabisa, karibu na mashine, mikono mapajani. Boti ikapasua maji. Jirani akabaki anakuwa mdogo nyuma yao, na kwa mara ya kwanza tangu cherehani iondoke, mama wa watu akatabasamu.

Katikati ya mto pakaanza kunuka kitu kinachoungua. Mashine ikakohoa, ikatoa mvuke, ikanyamaza. Boti ikaanza kuchukuliwa na maji.

“Injinia, vipi tena?” abiria mmoja aliuliza.

“Kitu kidogo tu.” Alifungua kava, na jasho likamtoka. Ubavuni mwa mashine rangi nyekundu ilikuwa imevimba na kutoa malengelenge, na chini yake gundi ilikuwa ikichuruzika.

“Tazameni wenyewe!” alifoka. “Kuna mhuni kaziba ufa kwa gundi, halafu kapaka rangi! Binadamu gani huyu asiye na haya? Wallahi ningemjua, ningemtosa humu humu mtoni!”

Akapiga mashine teke. Kipande cha bati kikabanduka, kikaangukia miguuni pa mkewe.

Mama alikiokota kwa upindo wa gauni, maana kilikuwa cha moto bado. Alikitazama upande wa rangi nyekundu, akakigeuza. Kisha akamwinulia mumewe, maua ya buluu yakimwelekea usoni.

“Baba watoto,” alisema, “zile dakika tano zimekwisha.”