Khanga Juu ya Bati

Kila mwaka ramani ilichorwa upya, na nyumba isiyokuwemo ilibomolewa na mashine kesho yake. Mwatumu alikuwa mchoraji. Alifuatisha picha za angani kwenye kompyuta, tabaka la barabara kwanza, kisha mito, mwisho nyumba.

Leo wingu lilifunika mtaa wa mama yake. Alilichora paa lake kwa kumbukumbu, kompyuta ikalifuta. Ilikubali kinachoonekana pichani tu.

Mama akapiga simu. "Umeshanichora? Nimetandika khanga nyekundu juu ya bati, ile ya harusi yako, usije ukanikosa."

Mwatumu akachora tena. Mstari ukafutika.

"Nimeiona, Mama. Ila leo njoo ulale kwangu."

Mama akacheka. "Na kuku wangu nimwachie nani?"

"Njoo nao."

"Wote?" mama akauliza, kicheko kimemwisha.