Mtani Msibani

Waombolezaji walinyamaza Mzee Gama alipojitupa kwenye mkeka, mbele ya picha ya marehemu. Yeye Mngoni, marehemu Mhehe. Watani, na mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha msibani. Bi Tulamwona, mjane, alingoja kwa hamu. Zamani, alipofariki baba mkwe wake, Gama huyuhuyu alilikumbatia jeneza akilia, "Wahehe kwa ubishi! Huyu atagombana hata na mchanga!" Watu walicheka hadi machozi, na waliokuwa wamegoma kula wakanawa mikono.

Leo midomo ya Gama ilicheza, sauti haikutoka. Kidani shingoni mwake kiliwaka. Kila aliyemo ndani ya uzio wa chuo, nyumba hii ya msiba ikiwemo, huvaa kidani, nacho humeza neno lolote la kubeza kabila au dini kabla halijasikika.

"Sema tu, shemeji," mjane alimsihi.

Gama alijaribu tena. Kimya.

Bi Tulamwona amlaumu nani? Yeye mwenyewe, mhadhiri, ndiye aliyesimama mbele ya baraza la chuo kudai vidani, mwaka ule wanafunzi walipompiga binti yake kwa sababu ya kabila lake, wakamwachia kovu shavuni. Tangu hapo hajaguswa mtu.

Mjukuu wake, aliyezaliwa humuhumu chuoni, alimvuta khanga. "Bibi, babu Gama anaumwa?"

"Hapana, mama. Anamtania babu yako."

"Kutania ndiyo nini?"

Bi Tulamwona akafungua kinywa amwonjeshe utani kidogo, akahisi kidani chake kikipata moto kooni.