Mama wa Jumamosi

Kabla ya kubisha hodi kwenye ofisi ya mwalimu, Bi Chiku aliinama akamnong'oneza msichana aliyesimama kando yake.

"Mume wangu anaitwa nani vile?"

"Ambrosi."

"Na tunakaa wapi?"

"Kilolo. Ukisahau kitu, kohoa."

Mwaka ulikuwa hamsini na nne. Tekla alisoma darasa la sita katika shule ya kati ya wasichana, nje kidogo ya mji wa Iringa. Bi Chiku alikuwa muuza vitumbua wa sokoni, mwanamke ambaye Mungu hakumjalia mtoto. Jumamosi wasichana wa bweni waliruhusiwa kwenda mjini kununua sabuni, na Jumamosi iliyopita Tekla hakununua sabuni. Alikaa karibu na jiko la Bi Chiku akalia mpaka vitumbua vikaungua. Analala darasani, hesabu zimemshinda, na mwalimu anataka kumwona mzazi.

"Mama yangu mkali," alisema. "Alishaniambia nikishindwa shule, ni jembe."

Bi Chiku akakubali kuwa mama kwa siku moja. Alivaa kanga mpya.

Mwalimu Severina aliwaonyesha viti. "Nilituma salamu Kilolo kwa katekista. Zilifika?"

"Zilifika," alisema Bi Chiku.

"Kiswahili chako kizuri sana, Mama Tekla. Kama cha watu wa pwani."

Bi Chiku alikohoa. "Nimetembea."

Mwalimu alimtazama kidogo, kisha akaendelea. "Mtoto ana akili, ila kuna jambo linamla moyoni. Mimi nikimwuliza ananyamaza. Asipobadilika mwaka huu, nafasi yake atapewa mwingine. Sasa, mkono mmoja haulei mwana. Shule itafanya yake, na wewe ufanye yako. Msikilize, msimamie hesabu, na kila mwisho wa mwezi uje tuzungumze. Tatizo Kilolo ni mbali, huko milimani. Huna ndugu hapa mjini ambaye anaweza kukaa naye Jumamosi?"

"Ninaye," alisema Bi Chiku. "Anauza vitumbua."

"Basi ni heri."

Tekla akajifunza kuzidisha kwa vitumbua: safu ngapi kwenye sinia, vingapi kila safu. Akikosa, alihesabu upya. Akipata, alikula jibu. Katikati ya hesabu maneno yakaanza kutoka, moja moja. Usiku halali. Akisimamishwa ubaoni anasikia sauti ya mama yake, na kichwa kinakuwa cheupe.

Mwisho wa mwezi Bi Chiku aliyafikisha hayo. Mwalimu Severina akaacha kumsimamisha Tekla mbele ya wenzake, akawa anamwita mezani kwake. Mwezi uliofuata Tekla hakulala darasani. Siku moja ikawa miezi. Bi Chiku akawa anafunga biashara mapema, na wateja wakimwuliza anakwenda wapi, alijibu, "Shuleni kwa mwanangu," bila kukohoa.

Likizo ilipofika, wasichana wakaenda makwao na wazazi wakaitwa kukandika kuta za bweni. Bi Chiku, ambaye mikono yake ilijua kukoroga unga tu, mwalimu alimpanga ukuta mmoja na mwanamke mrefu wa milimani, mwenye mabega ya kubeba kuni.

"Kamwene," alisalimu yule mwanamke.

"Kamwene," alijibu Bi Chiku.

Wakakandika. Yule mwanamke hakuwa na maneno mengi. Alimaliza sehemu yake, akaanza kurekebisha ya Bi Chiku.

"Mtoto yako," aliuliza ghafla, "usiku analala?"

Bi Chiku hakujiuliza swali hilo limetoka wapi. Alikuwa amesubiri miaka mingi mtu amwulize habari za mwanawe. "Siku hizi fofofo! Na hesabu anapata."

"Anacheka?"

"Anacheka mpaka namkanya. Na wako je?"

Yule mwanamke alisawazisha udongo mahali palipokuwa pamekwisha kunyooka. "Wangu haniambii kitu. Nikimwuliza, anatazama chini."

"Punguza ukali, dada," alisema Bi Chiku, ambaye kwa wakati huo alikuwa amebobea katika malezi. "Mtoto hupewa chakula kwanza. Maswali baadaye."

"Haya," alisema yule mwanamke.

Walipoagana alimpa Bi Chiku kikapu cha njegere. "Mpikie mtoto." Bi Chiku alirudi mjini akisimulia jinsi watu wa milimani walivyo na adabu.

Tekla alirudi kutoka likizo amenenepa. Kila neno la pili lilikuwa mama yake: mama amesema hivi, mama amecheka vile. Bi Chiku alifurahi. Kisha akaumia. Kisha akaona haya kwa kuumia.

Mwaka ulipokwisha, Tekla alikuwa wa tatu katika darasa zima. Siku ya wazazi kila mama angeitwa asimame mbele na mwanawe, watu wapige makofi. Bi Chiku alifika kabla ya wengine, akamkuta Mwalimu Severina peke yake anapanga viti.

"Mwalimu, jina la Tekla likifika, usiniite mimi. Mtoto huyu ana mama yake Kilolo, na heshima hii ni ya kwake. Mimi ni muuza vitumbua tu."

Mwalimu Severina aliendelea kupanga viti.

"Najua," alisema. "Mama yake ndiye aliyeniomba niwapange ukuta mmoja."